Mwaka Kope Zangu Zilipogeuka Nyeupe

Mwalimu mkuu wa shule moja ya hapa Kitale alinirudishia sweta kumi na mbili, na wala hakuwa na hasira. Alizitandaza juu ya meza ya kibanda changu cha kufumia, akaweka kidole kwenye mstari wa shingo, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii ni rangi gani?"

"Bluu ile iliyoiva," nikamwambia. "Kama siku zote."

"Hii ni nyeusi."

Nilichukua sweta moja nikaenda nayo mlangoni penye mwanga. Nilikuwa nimefuma sweta za shule kwa miaka ishirini na tatu, kwa mashine ileile ya mkono, na rangi za uzi nilizijua kama mtu anavyojua sauti za watoto wake. Lakini pale mlangoni mwanga wa asubuhi uliniingia machoni kama maji ya sabuni. Nikafumba. Nilipofumbua, mstari ulikuwa wa kijivu tu, si bluu wala si mweusi, na mkono wangu mwenyewe ulikuwa na ukungu.

"Ni huu uzi mpya," nikasema. "Nitazifuma upya."

Nilimdanganya. Kwa zaidi ya wiki nne nilikuwa nimejua kwamba macho yangu yana jambo, na nilikuwa nimeapa moyoni kutomwambia mtu. Sababu ya kuficha ilianzia mbali, kwenye wayo wa mguu wangu wa kushoto.

Miaka mitatu kabla ya hapo niliona doa jeusi chini ya kidole kidogo cha mguu huo. Nilidhani ni damu iliyovilia, maana tulikuwa tumetoka kuvuna mahindi kwenye shamba letu la Endebess na nilikuwa nimekanyaga kisiki cha bua. Doa halikuondoka. Lilipanuka polepole, kingo zake zikawa hazieleweki, kisha likaanza kutoa majimaji. Hospitalini walikata kipande wakakipeleka kupimwa, na jibu likaja: saratani ya zile chembe zinazoipa ngozi rangi. Mimi nilikuwa nikidhani ugonjwa huo ni wa wazungu wanaoungua jua. Walikata sehemu ile ya wayo pamoja na kidole, nikajifunza kutembea upya. Mwaka mmoja baadaye uvimbe ukajitokeza kwenye kinena, mgumu kama kokwa ya avokado, na picha zikaonyesha madoa manne kwenye mapafu.

Nikapelekwa Eldoret, ambako jina langu liliingizwa kwenye mpango wa dawa ambayo haijaenea sana kwetu. Daktari wa saratani alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, kijana kuliko nilivyotarajia.

"Dawa hii haiui saratani," aliniambia.

Nikashtuka. "Sasa kazi yake ni nini, daktari?"

"Mwili wako una askari wa kuulinda. Saratani imewafunga breki. Dawa inaifungua hiyo breki, basi. Kazi yenyewe utaifanya wewe."

Niliangalia mikono yangu juu ya mapaja, mikono ya mama wa miaka hamsini na sita, nikajiuliza kazi hiyo nitaifanyaje.

"Lakini nisikilize," akaendelea. "Breki ikishafunguka, askari wanaweza kwenda hata mahali ambapo hatukuwatuma. Tumbo, mapafu, viungo, ngozi, macho. Ukiona kitu chochote kigeni, hata kidogo, unanipigia. Usingoje." Akanipa kadi ya kijani ya kumwonyesha daktari yeyote nitakayekutana naye. Niliitia kwenye mkoba, nikasahau orodha yake kabla sijafika nyumbani.

Kila baada ya wiki tatu nilikwenda kukaa kwenye kiti cha dripu. Dawa ilikuwa angavu kama maji, na ilimaliza kuingia kabla sijachoka kukaa. Sikutapika, na nywele hazikunyonyoka. Jioni nilikuwa Kitale nikipika ugali wangu.

Baada ya dripu ya nne, nikiwa naoga, mkono wenye sabuni ulipita kwenye kinena bila kukwama. Nikaurudisha. Nikabonyeza kwa vidole viwili, nikabonyeza kwa vitatu. Palikuwa laini. Nilikaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji, nikaweka kiganja mahali pale, na sikuweza kuomba wala kulia. Kitu kilikuwa kimelila lile jiwe ndani yangu, na mimi sikuwa nimesikia hata mwasho. Nilikuwa nimekaa kwenye mashine yangu nikifuma makwapa ya sweta, kumbe huku ndani kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Maji kwenye beseni yalipoa kabisa kabla sijasimama.

Kwa hiyo macho yalipoanza, nilinyamaza. Yalianza na maumivu ya kichwa, na mlio masikioni kama nyenje wengi. Kisha yakawa mekundu. Mwezi ule watoto wengi mtaani walikuwa na macho mekundu ya kuambukizana, na mama wa duka la dawa akanipa matone ya kuua viini vya ugonjwa bila kuniuliza mengi. Mimi nami sikumwambia mengi. Matone hayakusaidia. Mwanga ukawa adui, sura za watu zikaanza kulegea katikati. Nikajiambia: nikisema, watasimamisha ile dawa, na dawa ikisimama, jiwe litarudi. Kati ya macho na uhai, acha macho yaende.

Siku ile sweta ziliporudishwa, nilifunga kibanda nikaenda Bungoma kwa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu wasichana. Yeye aliolewa na Mwislamu, wanaishi nyumba ya nne kutoka msikitini, naye anauza vitenge mjini na siku za soko anakwenda Chwele. Nilimwambia nimekuja kupumzika. Alinitazama nilivyovaa miwani nyeusi, akanipokea mkoba.

Nilidumu siku mbili. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa tumekaa uani, naye akaniachia birika nimimine chai wakati yeye anakata mkate. Nilimimina kwa uangalifu, nikasikiliza sauti ya kikombe kikijaa, na sauti haikuja. Chai ilikuwa inateremka mezani, ikanifikia mapajani.

Mdogo wangu aliushika mkono wangu akaliweka birika chini. Akanivua miwani.

"Dada, hapa ni vidole ngapi?"

"Achana na mimi."

"Si useme tu. Ni ngapi?"

Niliona kiganja, na juu yake ukungu. "Vitatu."

"Ni kimoja." Akakishusha kidole. "Tangu lini?"

"Ni vumbi tu. Vumbi la Kitale."

"Ati vumbi! Macho yako ni mekundu kama nyanya na hukioni kikombe, unaniambia vumbi? Sema ukweli bana."

Nikamwambia yote. Nilimwambia jiwe limeisha, na kwamba nikienda kulalamika kuhusu macho wataninyang'anya kilichoniokoa. Nilisema nimeshachagua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akarudi amevaa viatu, na mkoba wangu mkononi.

"Hujachagua kitu," akasema. "Umeogopa tu. Twende."

Kwenye kliniki ya macho pale Bungoma tulipokelewa na mwanamume mnene, mtaratibu, ambaye kila mgonjwa alimwita daktari. Aliniketisha mbele ya mashine, nikaweka kidevu kwenye kiegemeo na paji la uso kwenye ukanda, naye akanielekezea uzi mwembamba wa mwanga. Uliniumiza mpaka machozi yakatiririka. Alitazama jicho la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Za presha."

"Na nyingine?"

Kabla sijajibu, nilisikia zipu ya mkoba, na mdogo wangu akamwekea kadi ya kijani mezani. Daktari aliisoma pande zote mbili. Akavuta kiti chake karibu nami.

"Ahsante Mungu mmekuja leo," akasema. "Hii si ya kuambukizana. Hebu mama mdogo, njoo uone kitu."

Aliegemeza simu yake kwenye tundu la kutazamia la mashine, akarekodi, kisha akampa mdogo wangu aitazame. Mimi niliambiwa nisiondoe kidevu, kwa hiyo nilichokiona ni mwanga tu. Lakini nilimsikia akivuta pumzi.

"Nini?" nikauliza. "Kuna nini?"

"Dada... unajua jua likiingia kwa dirisha, unaona ile vumbi inacheza kwa ule mstari wa jua? Ndio naona. Ndani ya jicho lako. Ni nyeupe, ndogondogo." Akasita. "Zinatembea. Hizi za huku zinapanda, hizi za mbele zinashuka. Polepole tu. Daktari, hii ni uchafu?"

"Hapana. Hizo ni chembe za kinga yake. Wale askari walioamshwa na dawa ndio hao. Kwa kawaida mahali hapo panakuwa maji matupu, hutaona hata mmoja."

Nilikuwa nimewawazia askari wale kama maneno tu, jinsi daktari anavyomsemesha mama asiyejua sayansi. Sasa walikuwa hapo, wanahesabika, wanapanda na kushuka ndani ya jicho langu, na mdogo wangu aliyezaliwa nikiwa darasa la tano alikuwa akiwatazama. Hao ndio waliokula jiwe. Nilitaka kuwaona hata kwa dakika moja, na mimi peke yangu chumbani mle ndiye niliyekuwa siwezi.

"Lakini kwa nini macho?" nikauliza. "Saratani yangu ilikuwa mguuni."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya rangi. Doa jeusi."

Akashusha mashine. "Basi sikiliza. Ile rangi nyeusi iliyokuwa kwa doa lako, iko pia ndani ya jicho. Kuna ngozi laini inayolizunguka jicho kwa ndani, nyeusi, imejaa chembe za aina ileile. Askari wako wamefundishwa kuwinda chembe za rangi. Wamezimaliza kule chini, wametembea, wakakuta nyingine huku juu. Hawajui kwamba hizi ni za nyumbani."

Nimeishi na mwili huu zaidi ya nusu karne. Nimeuosha, nimeulisha, nimezaa nao watoto watatu, na sikuwahi kujua kwamba wayo wangu na jicho langu vina kitu kimoja. Wayo unaokanyaga matope ya Endebess, na jicho ninaloonea. Nilikaa na kidevu kwenye kile kiegemeo nikiwaza hilo hata baada ya taa kuzimwa.

Daktari alipiga simu Eldoret palepale, akaiweka kwenye spika. Nilitambua ile sauti ndogo.

"Mama, imeanza lini?"

"Wiki tano zimepita, daktari."

"Na mbona hukunipigia?"

Mdogo wangu akanigusa bega. "Niliogopa mtanikatia dawa," nikasema. "Inanisaidia. Uvimbe umeisha. Nilisema ni afadhali niwe kipofu."

Daktari wa Eldoret akasema, bila ukali, "Ni kweli tutaisimamisha. Kwanza tuyaokoe macho. Lakini mama, kuna kitu sikukueleza vizuri, na kosa ni langu. Askari wakishaijua saratani, mara nyingi hawaisahau, hata dawa ikisimama. Siwezi kukuahidi. Lakini nimewaona watu waliobaki wazima."

Nilibaki Bungoma wiki saba. Nilipewa matone ya steroidi, dawa ya kuwatuliza wale askari, ya kutiwa kila saa moja, matone mengine ya kupanua mboni, na vidonge vya kumeza asubuhi. Simu ya mdogo wangu ililia kila saa, naye aliacha alichokuwa akifanya akaja. Mikono yake ilinuka vitenge vipya, kisha vitunguu, kisha sabuni, na hivyo ndivyo nilivyojua siku imefika wapi. Shemeji yangu, ambaye si msemaji, alitundika leso mbili kwenye dirisha la chumba changu kuzuia mwanga, bila kuombwa, na kila alipotoka msikitini alisimama mlangoni akauliza, "Shemeji, leo kuna nafuu?" Vidonge vilinipa njaa ya ajabu. Nilikula kilichokuwepo nikauliza kama kuna kingine, nao wakacheka wakaleta.

Kila wiki nilirudi kwenye ile mashine. "Wamepungua," daktari alisema wiki ya kwanza. Wiki ya pili: "Jicho la kulia wamebaki wa kuhesabu." Mimi nilikuwa bado naona ukungu, ila ukungu wenyewe ulikuwa mwepesi zaidi.

Kitu cha kwanza kurudi kilikuwa rangi ya machungwa. Mdogo wangu alikuwa amemwaga mzigo wa vitenge kitandani kwangu akivipanga, nami nilikuwa nimegeukia ukuta. Nilipogeuka, kuliwaka kitu katikati ya lile rundo. Nikakaa. "Hicho cha machungwa," nikasema, "chenye duara."

Aliacha kupanga. "Duara ni za rangi gani?"

"Kijani." Nikainama karibu. "Na kuna nukta. Kuna nukta ndani ya duara."

Alikaa sakafuni na kile kitenge mapajani, akalia kwa sauti mpaka shemeji akaja mbio akidhani kuna msiba.

Wiki ya sita mdogo wangu alinichukua hadi Chwele siku ya soko. Sikufanya chochote cha maana siku ile. Nilikaa kwenye ndoo nyuma ya meza yake, na kofia pana kichwani, nikatazama. Nilitazama ngozi za vitunguu vyekundu zinavyochanika. Nilitazama kuku waliofungwa miguu, na lile jicho lao la manjano linavyopepesa. Mwanamke mmoja alinyunyizia mboga zake maji, na juu ya jani moja tone likakaa, na ndani ya tone, naapa, kulikuwa na anga. Ule mlima wetu mkubwa ulikuwa wazi nyuma ya soko, na niliweza kuona mahali mashamba yanapoishia na msitu unapoanzia, huko juu upande wa Cheptais. Nilikuwa nimeuona mlima ule kila siku tangu utoto wangu. Nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza niliutazama.

Kesho yake asubuhi, akinitia tone la kwanza, mdogo wangu alisimama na chupa hewani.

"Dada, ngoja. Usifumbue." Akapitisha kidole juu ya jicho langu, polepole. "Kope zako."

"Zimefanya nini?"

"Ni nyeupe."

Aliniletea kioo. Zilikuwa nyeupe kweli, kama za mtu aliyeinamia gunia la unga. Si zote, jicho la kushoto zote, la kulia nusu. Na mbele ya nywele, juu ya paji la uso, palikuwa na kishungi cheupe ambacho kitambaa kilikuwa kimekificha. Nilidhani nitasikitika. Badala yake nilijikuta nikizigusa moja moja.

"Wamefika hadi hapo," daktari wa macho alisema alipoziona, naye akatabasamu. "Hakuna rangi wanayoiacha." Yule wa Eldoret nilimpelekea picha kwa simu, naye akanipigia mara moja. "Haziumi?" akauliza. Nikasema hapana. "Basi usizihuzunikie. Kwa ugonjwa kama wako, tukiona weupe huo, sisi madaktari tunapata moyo."

Picha za mapafu zilipigwa mwezi uliofuata. Madoa matatu hayakuonekana tena. La nne lilikuwa limebaki kama kovu dogo, na mpaka leo, baada ya vipimo vingi, halijakua. Ile dawa sikurudishiwa. Jicho la kulia linaona vizuri. La kushoto lina kivuli kidogo upande wa chini ambacho hakitaondoka, na mwanga mkali bado unaniumiza. Sweta ninafuma chache, zile za rangi moja, na mpwa wangu wa kike amechukua zilizobaki. Kanisani mama mmoja aliniuliza ni saluni gani inayopaka kope rangi hiyo. Nilimweleza habari yote, akasahau kushuka ngazi, tukasimama pale mpaka ibada ya pili ikaanza.

Mara ya mwisho nilipokwenda Bungoma kupimwa, daktari aliniomba ruhusa ya kuwaonyesha wanafunzi wake ile video, na mimi mwenyewe nikiwepo. Walikuwa sita, wamevaa makoti meupe, wamejibana kwenye kile chumba kidogo. Sasa nilikuwa na macho ya kuitazama, na nilikuwa sijawahi kuiona. Daktari aliiweka kwenye kompyuta.

Uzi wa mwanga ulikatiza giza, na ndani yake walikuwepo, wengi kuliko nilivyowaza, wakipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, bila haraka yoyote. Wale wanafunzi walikuwa wakiandika. Daktari alikuwa akieleza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na mkono mdomoni.

Msichana mmoja aligeuka akaniangalia, akaziangalia kope zangu. "Mama," akauliza, "wakati huo, ulikuwa unawasikia?"

"Hapana," nikamwambia. "Sikuwasikia hata kidogo."

Nikamwomba daktari airudishe mwanzo.